Karabini ya Martini-Henry: dalili, chanzo, na picha ya kumi na tano

Kijana mmoja wa Mombasa anayeishi Leicester alinitumia picha kumi na nne za bunduki fupi aliyoiona kwenye orodha ya mnada. Muuzaji aliiita karabini ya askari wapanda farasi, Martini-Henry. Swali la kijana lilikuwa moja tu: "Mzee, ni nzima?"

Mimi ni seremala wa Tanga niliyehamia Birmingham, na mkate wangu ni fanicha za kale. Bunduki zilinifikia kwa njia ya vitako vyake vilivyopasuka, na baada ya miaka kadhaa ya kuunga mbao nikajikuta nasoma na chuma. Nilichojifunza ni kwamba uzima wa silaha ya zamani haupimwi kwa kung'aa kwake. Unapimwa kwa maelewano ya viungo vyake. Chapa iseme jambo moja, urefu useme hilohilo, mbao ikubali, mtutu ukubali. Kiungo kimoja kikipinga wenzake, hapo ndipo pa kuchimba.

Nazungumzia Martini-Henry ya Uingereza kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Raifeli yake ilikubaliwa na jeshi mwaka 1871. Mtambo ni wa Friedrich von Martini, aliyeuendeleza kutoka kwenye ubunifu wa Mmarekani Henry Peabody, na mtutu wenye mifereji saba ndani yake ni wa Alexander Henry wa Edinburgh. Karabini ya wapanda farasi ilifuata mwaka 1877.

Kabla hujaanza

Hakikisha haina risasi, hata kama imekaa ukutani miaka hamsini. Elekeza mdomo wa mtutu pasipo na mtu, sukuma chini wenzo ulio nyuma ya kifyatulio, bloki, yaani kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, itashuka, kisha chungulia chumba cha risasi kwa kurunzi na utie kidole. Mara moja nilitoa ganda lenye fataki nzima kwenye bunduki ambayo mwenyewe aliniapia ni pambo. Na usiifyatue kavu kavu ili usikie mlio wake. Pini ya kugonga fataki imezeeka, na ikivunjika utalipa wewe.

Kuhusu sheria: huku Uingereza silaha ya risasi ya zamani ya .577/450 inaweza kuwekwa kama pambo la kale bila cheti. Marekani kipimo ni mwaka, yaani iwe imetengenezwa kabla ya 1899. Kwetu Afrika Mashariki usibahatishe kabisa; nenda polisi ukaulize kabla hujanunua wala kusafirisha chochote chenye mtutu.

Ni fupi, lakini chapa haisemi karabini

Hili ndilo tatizo linalokula pesa za watu wengi kuliko yote. Karabini ni adimu kuliko raifeli, bei yake ni kubwa, na msumeno wa chuma ni rahisi kupatikana. Unaweza kumaliza sehemu kubwa ya hukumu kwa utepe wa fundi cherehani. Raifeli ina urefu wa sentimita 124 na nusu hivi, na mtutu wake sentimita 84. Karabini ya farasi ina karibu sentimita 96, na mtutu wake sentimita 54.

Urefu ukitimia, usishangilie bado, kwani aliyekata naye alikuwa na utepe. Geuza bunduki uangalie mwili wake upande wa kulia, chini ya bloki. Hapo jeshi lilipiga chapa ya taji, herufi V.R. za Malkia Victoria, jina la kiwanda, mwaka, na aina ya silaha. Karabini ya farasi huandikwa I.C.1. Ukikuta namba za Kirumi peke yake, II au III, umeshika raifeli. Ikiwa ni raifeli yenye urefu wa karabini, basi imekatwa.

Kuna jambo moja la kukuzuia usimwite muuzaji mwizi haraka. Jeshi lenyewe lilifupisha baadhi ya raifeli kuwa karabini za askari wa mizinga. Hizo zilipigwa chapa upya, A.C., na zina mahali pa kufunga singe. Ya farasi haina singe kabisa. Pia ilipotoka kiwandani haikuwa na pete za mkanda, kwa sababu ilisafiri ndani ya mfuko wa ngozi uliofungwa kwenye tandiko, haikuning'inia begani. Kwa ajili ya mfuko huohuo kilengeo cha mbele kina mbawa mbili za chuma za kukikinga kisikwaruzwe kila inapochomekwa na kuchomolewa. Karabini za mwanzo zina pia skrubu ndogo kwenye mbao ya mbele, kila upande moja, zilizoshika kifuniko cha ngozi cha kilengeo cha nyuma. Ngozi yenyewe huwa imeshapotea, lakini skrubu au matundu yake hubaki. Anayekata raifeli kwa kawaida hajui habari za matundu hayo.

Bado una shaka? Tazama mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuza. Mdomo wa kiwandani umezungushwa kwa ulaini na kuchakaa sawasawa na mwili wote. Mdomo wa msumeno una kingo kali, au umepigwa tupa, na chini ya kilengeo cha mbele utaona mstari wa lehemu mpya. Tena mtutu hupungua unene kuelekea mbele. Ukiukata katikati, mdomo unabaki mnene kuliko inavyopasa, na mbao ya mbele italazimika kuchongwa ndani ili iupokee. Vua mbao hiyo. Mkato mpya wa patasi ni mweupe, na mkato wa miaka 140 una rangi ya chai ya rangi.

Herufi zimekaa kama za mtoto wa darasa la kwanza

Taji limepinda. Herufi N katika ENFIELD, jina la kiwanda cha serikali, inatazama kinyume. Herufi moja imezama, jirani yake imegusa tu. Hapa unatazama kazi ya mafundi wa mpakani, kati ya Pakistani na Afghanistani, ambako hasa mji wa Darra Adam Khel umeishi kwa kutengeneza bunduki kwa mkono tangu karne ya 19. Askari wa nchi za Magharibi waliokwenda Afghanistani baada ya 2001 walirudi na nyingi kama kumbukumbu, na sasa zinazunguka minadani.

Mimi nawavulia kofia mafundi wale. Kuchonga mwili wa Martini kwa tupa si mchezo. Lakini yule fundi alikuwa ananakili picha. Hakuwa anaandika maneno. Kwa hiyo kosa linalomfichua zaidi ni la maana kuliko la umbo. Nimewahi kuona V.R. na chini yake mwaka 1907. Victoria alifariki tarehe 22 Januari 1901, na baada yake taji lilikuwa na herufi za mwanawe, E.R. Kosa jingine ni kukosekana kwa chapa ndogo ndogo. Bunduki ya kweli ya serikali imejaa vitaji vidogo vyenye namba za wakaguzi, kwenye mtutu, kwenye bloki, hata kwenye vipande usivyoviona mpaka uifungue. Fundi wa mpakani alinakili chapa kubwa inayoonekana na kuacha vidogo.

Weka ujiti wa penseli kwenye mdomo wa mtutu upime kama tundu liko katikati. La mpakani mara nyingi limeegemea upande. Chuma chake nacho ni laini. Skrubu zimelika vichwa na hazibadilishiki na za bunduki nyingine. Hii ni ya kutundika ukutani tu. Usikubali mtu akushawishi kuipiga, hata kwa baruti nusu.

Miaka miwili kwenye mwili mmoja, na tundu dogo

Kulia pamesomeka 1879 na kushoto kuna mwaka wa miaka ya 1890. Usitupe simu. Jeshi lilipohamia risasi nyembamba ya .303, Martini nyingi hazikutupwa. Zilitiwa mitutu mipya, na habari za mabadiliko hayo zikapigwa upande wa kushoto huku chapa ya zamani ikiachwa kulia. Zikaitwa Martini-Metford au Martini-Enfield kufuatana na aina ya mifereji. Ni historia halali ya jeshi, lakini ina mtego: .303 haimo katika orodha ya risasi za kale hapa Uingereza, na hiyo karabini sasa inahitaji cheti. Pima mdomo kwa kaliba. Karibu milimita 11 na nusu ni ya asili. Chini ya 8 ni ya mabadiliko.

Mishale miwili imegusana ncha

Mshale mpana ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili inayotazamana ncha kwa ncha, kwa kawaida kwenye mbao ya kitako, maana yake silaha iliuzwa nje ya jeshi. Hiyo ni dalili njema kwa mnunuzi, sawa na risiti iliyochongwa. Ukiona pamoja nayo chapa za nyumba ya majaribio ya bunduki ya Birmingham au London, ilipita mikononi mwa wafanyabiashara raia.

Ukikuta maandishi ya Kidevanagari yamechongwa juu ya chuma, karibu hakika imetokea Nepali. Mwaka 2003 wafanyabiashara walinunua akiba yote ya ghala la zamani la Kathmandu, maelfu kwa maelfu ya silaha, na Martini nyingi zilizoko sokoni leo ni za huko. Zilikuja zimegandiwa na grisi kavu na vumbi la karne nzima. Nyingi ni chafu sana na ni za kweli kabisa. Mimi humwambia mteja achukue chafu ya kweli aache safi ya mashaka.

Mtutu: giza, vishimo na pete

Baruti nyeusi huacha masizi yenye chumvi, na chumvi hunywa unyevu wa hewa. Askari aliyechoka akalala bila kuosha bunduki, kutu ilianza usiku uleule. Kwa hiyo vishimo vya kutu ndani ya mtutu ni kawaida. Cha kuuliza ni viko wapi. Vikienea kote kwa usawa, bunduki ilitumika kisha ikasahauliwa. Vikijaa mdomoni tu, ilisimamishwa mahali penye unyevu. Vikiwa vizito karibu na chumba cha risasi, ilipigwa sana na kuoshwa kidogo.

Osha kwanza kwa maji ya moto na kitambaa, kausha, paka mafuta, ndipo utoe hukumu. Mara nyingi kinachoonekana kuwa vishimo ni masizi magumu tu, na chini yake mifereji saba iko wima kama siku ya kwanza.

Dalili ya kuogopa ni pete. Elekeza mtutu kwenye karatasi nyeupe dirishani, uchungulie kutoka nyuma bloki ikiwa imeshuka. Ukiona kivuli cha duara mahali pamoja, mtutu umevimba hapo. Ulipigwa ukiwa na kitu ndani, udongo au kitambaa kilichosahauliwa. Pitisha vidole kwa nje taratibu ukiwa umefumba macho; vidole huhisi uvimbe ambao macho hayauoni. Hakuna dawa ya pete.

Chuma kinang'aa, mbao imezama

Karabini iliyotoka kiwandani ilikuwa na chuma cheusi chenye buluu kwa mbali. Kwa miaka buluu hiyo hugeuka hudhurungi, hasa pale mkono unapoishika. Ukikuta buluu nzito kama ya duka, iangalie kwa mwanga wa pembeni. Buluu iliyopakwa juu ya kutu iliyosuguliwa huacha vishimo vyenye kingo za mviringo, na herufi za chapa huonekana kama zimeyeyuka. Skrubu moja ifungue kidogo: rangi iliyo chini ya kichwa chake ndiyo ya kweli.

Mbao nayo ina siri yake, na hapa nazungumza kama mwenye kazi. Kiwandani mbao ya wolnati iliachwa imeinuka kidogo, unywele mmoja juu ya chuma kinachopakana nayo. Ukipitisha kucha na kukuta chuma ndicho kimeinuka, mtu amepiga msasa. Pamoja na uchafu aliondoa muhuri wa duara wa kiwanda, mishale, na namba za kikosi. Alidhani anaipendezesha, kumbe alichana cheti chake cha kuzaliwa. Mimi nikiletewa kitako cheusi kwa uchafu nakipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya kitani na basi.

Ufa nyuma ya mwili wa bunduki, pale kitako kinapoanza, ni wa kawaida. Chanzo chake huwa kimoja kati ya viwili: mafuta ya mashine yaliyochuruzika na kulainisha nyuzi za mbao, au boliti ndefu inayoshika kitako imelegea na kila mshtuko ukawa unaipiga mbao kama patasi. Boliti hiyo imefichwa ndani ya kitako, unaifikia baada ya kuvua bamba la nyuma, kwa bisibisi ndefu. Ikaze kwanza, halafu ndipo uufikirie ufa. Kuunga ufa huku boliti inacheza ni kupaka rangi nyumba inayovuja.

Wenzo hauendi, au unakwenda na haushiki

Ukisukuma wenzo na bloki isishuke mpaka mwisho, tisa kati ya kumi ni grisi iliyokuwa gundi. Mafuta ya taa usiku kucha, subira, na brashi ya meno. Usitie nyundo. Pini inayoshika bloki ina ncha iliyopasuliwa ili ijikaze yenyewe, na nimeona ngapi zimepondwa na watu wenye haraka!

Wenzo ukining'inia bila kubaki juu, kishikio chake au springi yake imechoka. Tatizo dogo. Lakini bloki ikifunga na pini ya ndani ikajifyatua yenyewe bila kuguswa kifyatulio, meno ya ndani yamelika, au mtu aliyapiga tupa ili kifyatulio kiwe chepesi. Upande wa kulia kuna kionyeshi chenye umbo la tone kinachogeuka mtambo ukiwa tayari. Kisipogeuka, au kikigeuka na kurudi, umepata jibu bila kufungua skrubu hata moja.

Kichomoa ganda kilichovunjika kina historia yake pia. Maganda ya mwanzo yalikuwa ya shaba nyembamba iliyokunjwa, na kwenye joto na mchanga yalinasa chumbani. Vita vya Sudan, hasa Abu Klea tarehe 17 Januari 1885, vilifanya malalamiko hayo yasikike mpaka London, na baadaye maganda yakatengenezwa kwa shaba ya kipande kimoja. Karabini ilikuwa na risasi yake nyepesi zaidi, gramu 26 na nusu dhidi ya 31 za raifeli, na baruti pungufu, kwa sababu silaha fupi yenye risasi ya raifeli ilimpiga mpigaji bega kabla ya adui.

Hadithi imezidi umri wa chuma

Kila Martini inayouzwa ilikuwa Isandlwana, pale Wazulu walipowashinda Waingereza. Ukijumlisha, Waingereza wangekuwa na jeshi la kujaza bara zima. Vita ile ilikuwa tarehe 22 Januari 1879, kwa hiyo karabini yenye chapa ya 1881 haikuwepo, hata mwenye kuiuza akilia. Anayejua zaidi atakutajia Ulundi, katika vita hivyohivyo na Wazulu, tarehe 4 Julai mwaka huohuo, kwa kuwa kikosi cha 17 cha wapanda farasi wa mikuki kilishambulia pale. Ndiyo maana namba ya kikosi hicho kwenye bamba la kitako huongeza bei, na ndiyo maana huigizwa. Chapa ya kweli ina kutu na mikwaruzo inayopita juu yake. Ya juzi imekata mikwaruzo katikati.

Na hizi hadithi za kwetu, za karabini ya farasi iliyopatikana bara, zipunguze chumvi. Mbung'o waliua farasi sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, hivyo wapanda farasi walikuwa wachache. Tena Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika eneo letu lote, ndiyo maana wazee wengi walibaki na gobori. Nyumbani Tanga, bunduki ya risasi moja-moja iliyovuma katika vita vya Novemba 1914 ni Mauser ya mwaka 71 ya askari wa Wajerumani, ya milimita 11, yenye bolti na moshi mwingi. Ukionyeshwa bunduki ya kale ya babu yenye bolti, anza na hiyo. Martini haina bolti.

Turudi Leicester. Picha zote kumi na nne za kijana zilikuwa za upande wa kushoto, mdomo, kitako na kilengeo, zimepigwa vizuri kama za harusi. Nikamwambia amwombe muuzaji picha moja tu ya upande wa kulia. Ilichukua siku tatu kufika. Taji, V.R., ENFIELD, 1878, na chini yake II. Hakuna I.C. mbele yake.

"Kwa hiyo si nzima?" akaniuliza.

Nikamwambia ni nzima, ila ni raifeli iliyopungua sentimita 28.